Mzizi Mwekundu na Ini la Ssalongo

Nyinyi mnaotia damu kwenye mashine, mkabonyeza kitufe na kwenda zenu kunywa chai, kaeni kidogo niwaambie tulivyokuwa tukihesabu. Sina wivu nanyi. Mimi nimehesabu seli kwa jicho langu la kulia tangu nikiwa binti mpaka wajukuu walipoanza kunifichia miwani, na hadi leo natunga uzi kwenye sindano bila kuitafuta hiyo miwani. Nalisema mapema ili mjue kwamba anayezungumza si mtu wa kubahatisha. Nina diploma. Iko ukutani kwangu, juu ya redio, imeandikwa kwa Kichina, na kila mgeni anayeingia huisoma. Yaani huitazama, maana kuisoma hawezi.

Diploma hiyo sikuletewa na mtu. Watu wangu asili yao ni pwani. Babu wa babu yangu alifika Buganda na msafara wa nguo, akaona hali ya hewa imempendeza, akakaa. Sisi tulizaliwa Kisenyi, katikati ya Kampala, tukiongea Kiswahili ndani na Kiganda barabarani. Wanaume wa kwetu walikaa dukani au walisomesha Kurani. Wasichana walisoma mpaka wajue kuandika barua, basi. Nami barua niliyoiandika ilikuwa ya kuomba nafasi ya masomo ng'ambo. Niliisahihisha mara saba, nikaipeleka posta kwa miguu yangu, na jibu lilipokuja baba aliishika karatasi juu chini akisema lazima kuna makosa. Mwaka wa kwanza China nililia kwa baridi na kwa lugha. Mwaka wa tatu nilikuwa nawasahihisha wenzangu matamshi.

Nilirudi Kampala baada ya kufanya kazi Dar es Salaam miaka kadhaa, wakati huo wanajeshi wameshaishika nchi. Watu waliniuliza kwa nini naingia wakati wengine wanatafuta mlango wa kutokea. Niliwajibu kwamba wagonjwa hawajahama. Lakini kwa kuwa leo sina wa kumwogopa, niseme na lingine: nilitaka Kisenyi nzima iione diploma.

Nilipangiwa maabara ya hospitali moja ya mjini ambayo jina lake halina haja. Wataalamu wa kigeni walikuwa wameondoka, chupa nyingi zilikuwa na lebo tu bila kitu ndani, na daktari mmoja alikuwa akifanya kazi ya wanne. Aliponiona na vyeti vyangu alinikabidhi chumba cha kukatia nyama za ugonjwa, funguo, na Ssalongo.

Ssalongo, kwa msiozijua heshima za Baganda, ni jina analoitwa mtu aliyezaa mapacha. Huyu wetu alizaa mapacha mara mbili, na ukilisahau jina hilo alikukumbusha. Alikuwa mhudumu wa maabara, hana cheti hata cha kuzaliwa. Kazi alijifunzia vitani, alipokuwa mpagazi wa machela katika jeshi la wakoloni, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshini, ambacho kitenzi kimoja kinatosha kwa watu wote. Siku ya kwanza nilimwonyesha diploma. Aliitazama kwa makini, akairudisha, akasema, "Kale, Nyabo Diploma. Kisu iko pale." Kwa Kiganda chake ndiyo kusema: haya, bibi Diploma.

Hapo ndipo nilipoaibika mara ya kwanza. Ukitaka kuona seli za ini, kipande chake unakilaza kwenye fomalini kikakamae, unakitoa maji kwa spiriti, unakigandisha ndani ya nta, kisha unakikata kwa mashine yenye kisu kirefu, wembamba ambao ganda la kitunguu mbele yake ni godoro. Kisu kikiwa na pengo dogo tu, seli zinachanika na unaona mistari badala ya ugonjwa. China visu tulikuta vimeshanolewa. Mimi nikakinoa cha Ssalongo kama wanavyonoa wauza nyama, kwa nguvu na kwa haraka. Kipande cha kwanza kilitoka kama mswaki. Ssalongo alikichukua kisu, akafunga mkanda wa ngozi kwenye kitasa cha mlango, akakipitisha polepole, mgongo mbele na makali nyuma, akihesabu kwa Kiganda. Kisha akanyoa nacho vinywele vitatu vya mkono wake. Nilipoutazama ule mkono niliona hauna nywele kabisa mpaka kwenye kiwiko. Nikajua hapa nina mwalimu, ingawa sikumwambia mpaka mwaka uliofuata.

Kisha spiriti ikaisha. Daktari alisema tusubiri. Ssalongo alisema enguli, ile pombe kali inayopikwa majumbani, ukiichemsha tena na kuukusanya mvuke wake, inafaa. Muuzaji alikuwa jirani yake huko Kasubi. Tatizo likawa nani aende. Ssalongo alikuwa mlokole, ameapa mbele ya kanisa zima. Mimi ni Mwislamu wa Kisenyi. Tulibishana asubuhi nzima, kila mmoja akiusifu uadilifu wa dini ya mwenzake. Mwishowe nilikwenda mimi, ushungi kichwani na dumu mkononi, na kabla sijafika nyumbani habari zilikuwa zimeshafika. Mama alinikalisha kitako akaniuliza China walinifundisha nini hasa. Nilimweleza habari za kutoa maji kwenye nyama. Akasema hata walevi wa mtaani hawana maelezo mazuri kama yangu.

Nta nayo tulitumia mishumaa ya madukani Kikuubo, tukiichanganya na nta ya nyuki kidogo ili isimeguke. Andikeni hilo mahali. Siku moja mtalihitaji.

Sasa nije kwenye mzizi.

Nilirudi na mfuko wa mizizi ya Kichina, niliopewa na wenzangu tulipoagana Dar es Salaam. Wachina wanaiita danshen. Ni mizizi myekundu kama matofali, myembamba kuliko kidole, na ukiichemsha maji yanakuwa rangi ya chai iliyokolea. Huko China waganga wa kienyeji waliwapa wenye maradhi ya ini, na waalimu wangu wa maabara waliipima kwa panya. Namna yenyewe ni hii. Ini ni nyama ya ajabu. Ukimlaza panya kwa etha, dawa ya usingizi, ukamkatia sehemu kubwa ya ini lake, theluthi mbili hivi, na kumshona vizuri, hafi. Lile lililobaki linaanza kukua, na baada ya wiki moja au mbili uzito umerudi. Seli zilizokuwa zimetulia zinagawanyika, moja ikawa mbili. Ukizitazama kwenye hadubini unaziona zilizo katikati ya kugawanyika: kiini kimejikusanya kama nyuzi na zile nyuzi zinavutana pande mbili. Unahesabu zilizo hivyo katika kila elfu moja. Panya aliyenyweshwa dawa akiwa nazo nyingi kuliko aliyenyweshwa maji, unasema dawa imelihimiza ini.

Mimi nilitaka kulithibitisha hilo Kampala, kwa mikono yangu, kwa jina langu. Na nilikuwa na sababu ya pili, ambayo ni macho ya Ssalongo.

Yalikuwa ya manjano. Si sana, ungesema mtu amekosa usingizi. Tumbo nalo lilianza kuubana mkanda. Zamani, wanangu, damu na maji ya wagonjwa tulivivuta kwa mdomo, kwa bomba la kioo, kama mtoto anavyovuta soda. Ukizembea kidogo unaonja. Ssalongo alivuta hivyo miaka na miaka, na miaka mingi nyuma aliwahi kulala mwezi mzima na macho kama kiini cha yai. Ndiyo sababu naonea huruma maini ya watu wa kazi yetu kuliko ya walevi. Madaktari wa hospitali ya Nsambya walimwambia ini lake limejaa makovu. Walimpa vidonge vya kumtoa maji tumboni na kumtaka arudi kila mwezi wampime. Alikwenda, lakini kwa shingo upande, maana vidonge vile vilimsimamisha njiani kila hatua mia, na siku zile kusimama njiani mbele ya askari bila sababu ya kueleweka ulikuwa mchezo wa hatari.

Nikaanza kazi ya panya. Kila alfajiri nilichemsha mzizi nyumbani kwa chungu, nikaweka dawa kwenye chupa ya chai na kuja nayo ikiwa ya moto. Tulikuwa na ubao mmoja tu wa kupasulia na mkasi mmoja mzuri. Kwa hiyo panya wa dawa niliwashughulikia kwanza, saa mbili asubuhi, kabla dawa haijapoa. Kisha nilisafisha, nikaenda kufanya kazi za wagonjwa, na saa kumi alasiri nikawageukia panya wa maji. Baada ya siku mbili kamili nikawaua, kila mmoja kwa zamu yake, ili muda tangu kupasuliwa uwe sawasawa. Niliuandika muda huo kwa wino mwekundu. Nilijivunia sana ile siku mbili kamili.

Matokeo yalinitoa machozi. Maini ya panya wa mzizi yalijaa seli zinazogawanyika. Ulikuwa ukisogeza kioo kidogo tu unakutana na nyingine. Ya panya wa maji yalikuwa yametulia, unatafuta kama mtu anayetafuta kifungo mchangani. Nilihesabu, nikahesabu tena. Niliandika ripoti kwa rula, nikaibandika mlangoni, nikawaita wauguzi, wapishi, hata dereva wa gari la wagonjwa, nikawaeleza. Nilisema mzizi wangu unaotesha ini. Wengine walipiga makofi.

Ssalongo aliisoma ripoti akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari. Akaingia chumba cha hadubini, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, mtu mzima anakunywa kiasi gani.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Sikumwambia aache vidonge vya Nsambya. Lakini aliponiambia ameviacha, kwa kuwa sasa ana dawa ya kuotesha na si ya kukojosha, sikumkataza. Nilicheka. Nilijiona mtu mkubwa.

Kila Jumamosi nikawa nampelekea fungu lake la mizizi Kasubi. Jumamosi moja nikasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari kijana, bunduki begani, akafungua kikapu changu na kuinua mizizi kama aliyekamata nyoka.

"Mama, hii nini? Bangi?"

Nikamwambia ni dawa ya ini, imetoka China, na kwa kuwa ulimi wangu haujui kunyamaza nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyeipima. Akaiuma, akatema. Akamwita mwenzake, akamweleza kuwa huyu mama ana dawa inafanya ini inaota kama muhogo. Wakacheka, nami nikacheka kidogo kuliko wao. Yule wa pili hakucheka muda mrefu. Akaniuliza kama inafaa kwa mtu anayekunywa kila siku, nikaona ana mtu anayemfikiria. Walichukua viganja viwili vilivyojaa, wakaniambia nipite. Nilitembea mpaka Kasubi bila kugeuka nyuma, na hata hivyo nilipofika nilimsimulia Ssalongo kwa majivuno, kwamba sasa hata jeshi linatumia.

Hakufurahi. Aliuliza imebaki mingapi.

Wiki ya tatu tumbo lake lilikuwa limepanda mpaka anavaa koti la maabara bila kufunga vifungo. Miguu ilivimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Nilimwambia dawa za mizizi huanza polepole. Nilimwambia tuongeze kipimo. Asubuhi moja alikuja, hakuvaa koti, akaingia chumba cha panya na kuniita, akafunga mlango nyuma yangu.

"Mimi iko na neno," alisema, "na neno yenyewe mbaya. Wewe nahesabu vizuri sana. Rakini wewe nakata panya ya dawa asubuhi, panya ya maji nakata jioni."

Nikamjibu kwamba muda ulikuwa sawa, siku mbili kamili kila mmoja, wino mwekundu.

"Siku ni sawa. Saa si sawa. Panya nakula usiku, harafu asubuhi ini yake ndiyo nagawanya seli. Jioni nalala. Hata panya ya maji, kama wewe nakata asubuhi, utaona nyingi. Daktari yangu ya zamani alikuwa nafukuza mtu akikata jioni."

Nilisimama pale nikiwatazama wale panya. Kichwani niliisikia kengele ya maabara yetu ya China, iliyokuwa ikilia saa mbili asubuhi, na sisi wanafunzi wote tukachukua mikasi pamoja. Hakuna aliyetuambia sababu. Hapakuwa na haja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukata saa nyingine. Nilikuwa nimeifuata sheria ile miaka mitatu bila kujua kwamba ni sheria, nikadhani ni ratiba ya chai.

"Umelijua hili tangu lini?" nikamuuliza.

"Siku ile wewe nabandika karatasi."

"Ssalongo. Wiki tatu."

"Mimi ndiyo nakunywa," akasema. "Mimi nataka iwe kweli kuliko wewe."

Nilikwenda mlangoni nikaibandua ripoti, na ile gundi ilikuwa nzuri, nilitumia kucha zangu zote kuikwangua huku wauguzi wakipita. Mmoja aliuliza kama kuna ripoti mpya. Nikamwambia bado.

Njia ya kujua ilikuwa moja: kurudia, panya wa dawa na wa maji kwa saa ileile. Nikapima mizizi iliyobaki. Baada ya wale askari, na baada ya Ssalongo kunywa wiki tatu, ilibaki ya kutosha jambo moja kati ya mawili: inywewe na panya kwa jaribio moja, au inywewe na Ssalongo kwa mwezi. Kuagiza mingine Dar es Salaam haikuwezekana; barua zenyewe zilikuwa zikifunguliwa njiani. Nilimwambia tuwaache panya. Nilimwambia huenda mzizi unasaidia hata kama hesabu yangu imekosea, na kwamba mimi siwezi kumnyang'anya mgonjwa dawa nikampa mnyama wa mkia.

Alitoa fungu lake la wiki hiyo kwenye mfuko wa suruali, limefungwa kwenye gazeti, akaliweka mezani.

"Mpe panya," alisema. "Mimi nikikunywa tu, sijui nakunywa nini."

Kisha akaongeza sharti. Mimi nisijue slaidi ipi ni ya nani. Alisema jicho la mtu anayetaka kitu linaona kitu. Yeye ataandika namba, na orodha atakaa nayo Kasubi.

Tuliwapasua asubuhi moja, mmoja wa dawa, mmoja wa maji, tukibadilishana, wote kati ya saa mbili na saa tatu. Ssalongo hakuweza kusimama, alikaa kwenye kigoda akishika pamba ya etha, na kila panya alimwambia pole kwa Kiganda kabla ya kumlaza. Baada ya siku mbili tukawaua kwa saa ileile. Alinoa kisu mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu, akipumzika kila baada ya kumi.

Nilihesabu siku sita. Nakiri kwamba nilijaribu kubahatisha. Nikikutana na slaidi yenye seli nyingi moyo ulisema hii ni ya mzizi, hii ni ya mzizi, nikajikuta nataka kuihesabu kwa ukarimu, seli iliyojikunja kidogo niiite inayogawanyika. Nikatoka nje, nikanawa uso, nikarudi kuianza upya. Slaidi zenye nyingi zilikuwa nyingi. Hilo lilinitisha na kunipa tumaini kwa pamoja.

Kabla sijawapeleka Kasubi, niwaambie mambo mawili, maana najua vijana mnavyokimbilia mwisho. La kwanza, sisemi dawa za Wachina ni uongo. Wapo waliozipima vizuri kuliko mimi, kwa vyombo nisivyovijua, na wapo watakaokuja kuzipima. Nasema tu kwamba ini la panya mzima uliyemkata jana si ini la mtu lililojaa makovu ya miaka. La panya lingeota hata ungempa maji ya mvua. Na kuna mizizi inayoliumiza ini lilelile unalotaka kuliponya, kwa hiyo mtu akikuuliza, mwambie asiache dawa ya hospitali kwa ajili ya ripoti iliyobandikwa mlangoni. La pili, ili msikae roho juu: baada ya siku ninayotaka kuisimulia Ssalongo aliishi mwaka mmoja na miezi. Alitolewa maji, akarudi kazini nusu siku, akanifundisha kunoa kisu mpaka mkono wangu nao ukawa hauna nywele. Sikutegemea hata hiyo.

Nilikwenda Kasubi Jumapili mchana. Nyumba yake ilikuwa chini ya barabara inayopita makaburi ya wafalme, ina ua safi uliofagiwa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, tumbo mbele yake kama mzigo aliobebeshwa na mtu mwingine. Mkewe, Nnalongo, yaani mama wa mapacha, alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Ssalongo alimwomba ungo. Akaagiza pia vikombe viwili, kimoja cha bati cha buluu na kimoja cheupe. Cha buluu ni cha dawa, alisema. Cheupe ni cha maji.

Mimi nikasoma namba ya slaidi na hesabu yangu. Yeye akatazama orodha, hakuniambia, akachukua haragwe moja kwa kila seli kumi zilizokuwa zikigawanyika na kuyatia kwenye kikombe. Nilijizuia kuangalia mkono wake. Nilisikia tu sauti, tiki, tiki, kwenye bati la huku na bati la kule. Nnalongo aliacha kazi akatutazama. Hakuna aliyemweleza, na nadhani alijua kuliko sisi.

Slaidi ya mwisho ilikuwa yenye nyingi kuliko zote. Nilisoma namba nikainua macho. Mkono wake ulisita juu ya vikombe, ukaenda kwenye cheupe.

Akavishika vyote viwili, kimoja kila mkono, akavipima hewani kama mama anayepima mayai. Akabadilisha mikono, akapima tena.

"Sawasawa," alisema.

Nilianza kuongea haraka. Nilisema kipimo huenda kilikuwa kidogo, nilisema panya ni wachache mno, nilisema Dar es Salaam nina rafiki, nitapata mtu wa kubeba, tutarudia, nitahesabu hata mara mia. Alinisubiri nimalize.

"Muwala," akasema. Ni neno la mtu anayemwita bintiye, na hakuwa amewahi kuniita hivyo. Siku zote nilikuwa Nyabo Diploma. "Muwala, safari hii umekata vizuri."

Nikalia, na sikujificha. Alinipa kitambaa cha kufutia lenzi alichokuwa nacho mfukoni, kisafi, amekikunja mara nne.

Nnalongo akaja, akauliza kama tumemaliza na maharagwe yake. Ssalongo akampa vikombe vyote viwili, naye akavimimina pamoja kwenye ungo, akaosha, akaweka sufuria motoni. Ssalongo aliniuliza habari za mama, kama amenisamehe lile dumu. Nikamwambia bado anachunguza pumzi yangu nikiingia. Akacheka mpaka tumbo likamuuma.

Maharagwe yalipokaribia kuiva Nnalongo aliita kutoka jikoni, akauliza atie chumvi au aache. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba Nsambya walikuwa wamemkataza Ssalongo chumvi, kwa kuwa inavuta maji tumboni, na kwamba tangu aanze mzizi wangu alikuwa ameirudia kwa mkono wazi.

Ssalongo alinitazama mimi, si jikoni.

"Acha," akamjibu. "Na kesho asubuhi tafuta mtu wa kutupeleka Nsambya."

Nikasikia mkebe wa chumvi ukirudishwa juu ya rafu. Tulikula sisi watatu kwenye sahani moja. Nilikula mpaka nikafuta ukingo kwa kidole, na chumvi sikuiulizia.